Unga wa Mama na Gari la Baba

Mara ya mwisho kumwona mama nikiwa mtoto, nilimwona kupitia dirisha la lori. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la sukari, katikati ya baba na ofisa mmoja, na mama amesimama pembeni mwa barabara ya Arua na beseni kichwani. Serikali ilikuwa imeanguka. Kila aliyekuwa na jamaa jeshini alikuwa anautafuta mpaka. Lori halikuwa letu. Baba alikuwa dereva tu, na ofisa alikuwa amelijaza vitu vyake mpaka juu, ikabaki nafasi ya mtoto mmoja. Baba alitoa kichwa nje akamwambia mama aende kwao Kuluba kwa miguu, apitie njia za ndani.

"Nitarudi na gari," alisema.

Mama alinyoosha mkono akanifunga kifungo cha shati, cha juu kabisa kile kinachobana shingo, halafu lori likaondoka.

Sisi tukaishia Zaire. Yeye na watu wao wakavuka kwenda Sudan. Baba aliendesha malori ya watu huko, nami nilikua nikimsubiri, leo katika kijiji hiki, kesho katika kingine. Tuliporudi Pajulu, kwao baba karibu na Arua, nyumba yetu ilikuwa imemezwa na nyasi, tukaijenga upya wawili tu. Nilisoma hadi darasa la saba nikaishia hapo. Kilugbara changu kilikuwa cha kuungaunga, kwa sababu baba ni Mlugbara na mama ni Mkakwa, walikutana katika kambi ya jeshi, na lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili cha kambi. Vijana wa Pajulu waliniita Mtoto wa Mabuti, yaani wa askari. Nikawa sisemi. Baba naye si mtu wa maneno. Jioni tulikula tukitazama moto, mmoja akimaliza anamsogezea mwenzake maji ya kunawa, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Siku moja akaja mwanamke aliyekuwa akiuza samaki wakavu, anayetembea kati ya soko la Koboko na la Arua. Alisimama uani kwetu na mfuko mdogo wa kitambaa.

"Wewe ndiye mutoto wa dereva?" aliniuliza. "Mama yako iko. Iko Kuluba kwa ndugu zake. Amesema hii unga ni ya mutoto."

Ulikuwa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama mwekundu, wenye rangi ya udongo wa barabara. Nilipika ugali wake siku ile ile. Tangu hapo, kila mwanamke yule alipokuja Arua, mfuko ulikuja naye. Nilijua mama yu hai kwa sababu mfuko ulikuwa umejaa.

Nilimwambia baba, "Si twende? Hata kwa miguu."

"Alikwenda kwa miguu," baba alisema. "Hatarudi kwa miguu."

Ndivyo tulivyopata gari. Shirika moja la misaada lilikuwa likifunga ofisi yake mjini na kuuza vitu, na baba akatoa kila alichokuwa nacho. Lilikuwa gari refu la porini, lenye tairi la akiba mgongoni, rangi nyeupe iliyopakwa juu ya nyeupe nyingine. Mvua ikinyesha, herufi za zamani zilijitokeza mlangoni, likikauka zinapotea. Baba alilizunguka akigonga bodi kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua mtungi. Akasema ni zima.

Halikuwa zima. Starta ilikufa juma lile lile. Baba aliitengeneza, ikafa tena, akaacha. Tukawa tunalilaza gari kwenye mteremko nyuma ya nyumba na kuzuia tairi kwa jiwe. Asubuhi naondoa jiwe, linateremka, baba anaachia kilachi, linaamka. Breki zilitaka kukanyagwa mara mbili. Mlango wangu ulifungwa kwa kamba. Haya yote tuliyazoea, kama unavyomzoea mzee wa nyumbani anayekohoa. Shida ilikuwa rejeta. Ilivuja, na baba akiziba huku, inavuja kule.

Kwa watu wa mama, mwanamume aliyemwacha mke kwao hamchukui tu kama mzigo. Anatuma neno, anapewa siku, na siku hiyo anafika na mbuzi, chumvi na jembe, wazee wakiwa wamekaa. Asipofika, ameitukana nyumba. Baba alituma neno kupitia mwanamke wa samaki, akapewa siku.

Asubuhi ya siku hiyo alitaka gari liwe safi. Tukateremka nalo mpaka mto Enyau, tukaliosha hadi vioo vikang'aa. Ndipo tukakumbuka kwamba kando ya mto hakuna mteremko. Ilikuwa Jumapili, watu wote wako kanisani, na mimi na baba tukalisukuma peke yetu kwenye mchanga, mbuzi wawili wakitutazama kutoka ndani. Watu walipotoka kanisani kuja kutusaidia, jua lilikuwa limeshapinda. Tulipofika nusu ya njia maji ya rejeta yalikuwa yamekwisha, na siku pia. Tukarudi. Kuluba walikuwa wamechinja kuku na kungoja.

Baba aliomba siku nyingine, akapewa. Safari hii hakuliosha. Kulikuwa na dawa ambayo madereva wa malori ya Zaire walimfundisha: rejeta ikivuja, unaimwagia unga wa muhogo, maji yakichemka unga unaiva na kuziba matundu kutoka ndani. Asubuhi nilimkuta amefungua boneti, ameshika mfuko wa mama. Alimimina viganja kadhaa, akakoroga kwa kijiti.

"Huo ni wa kula," nilisema. Kwangu hilo lilikuwa neno refu.

"Mwingine utakuja," alisema. "Huu utatupeleka kwake."

Na kweli, matundu yaliziba. Chini ya gari pakawa pakavu. Lakini kabla hatujauona vizuri mlima Liru, ule wa upande wa Koboko, mshale wa joto ulikuwa umepanda mpaka mwisho wake na boneti inatoa moshi mweupe. Tuliposimama, maji yalichemka ndani kwa sauti ya chungu. Tukangoja lipoe, tukaongeza maji ya kijito, tukaenda kidogo, likachemsha tena. Baba alidhani bado kuna tundu mahali, akaongeza unga. Mimi nilikaa chini ya kivuli cha gari nikisikiliza. Watu waliopita kwa baiskeli walitusalimu wakienda sokoni Koboko, na wakatusalimu tena wakirudi, tukiwa pale pale.

Tulirudi tena bila kufika, na mwanamke wa samaki akaleta jibu la Kuluba. Safari hiyo hakuwa na mfuko.

"Shemeji yako amesema mke si gunia ya tumbaku ingoje lori," alimwambia baba bila kukaa. "Amesema Ijumaa ile ya kwanza simsim ikishavunwa, jua ikiwa bado juu. Usipofika, mahari yako itarudishwa na maneno iishe. Kuna mufanyabiashara ametoka Sudan, bibi yake alikufa. Ameuliza."

Baba alimshukuru. Akaenda akalala chini ya gari, akakaa huko muda mrefu bila kugonga chochote.

Miezi ile hadi mavuno ilikuwa mibaya. Mfuko haukuja tena. Tulikula unga wa sokoni, mweupe, usio na ladha ya mtu. Baba alibadilisha mkanda wa feni, akabadilisha mipira ya maji, akatoa kile kifaa kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, akakitupa, akasema katika nchi ya jua hakina kazi. Matundu yalipofumuka tena alikung'uta mfuko wa mwisho wa mama, ukatoa vumbi tu la viganja viwili, akalimimina nalo. Niliuosha mfuko mtupu, nikauficha chini ya mkeka wangu. Usiniulize kwa nini.

Ijumaa ile tuliondoka mapema. Baba alivaa suruali yake nzuri, na shati jeupe akalifunga ndani ya karatasi, alivae akikaribia. Lazima niseme kwa nini. Kwetu mkwe haonekani na mama mkwe wake akiwa ovyo. Wanaheshimiana kwa kukwepana: akipita huku, yule anapita kule, na mwanamume anayeingia ua ule amechafuka amemvua nguo mama wa mke wake mbele za watu. Baba aliweza kustahimili mengi, lakini hilo hapana.

Tulipita Koboko bila kusimama, maana kwenye kituo cha lori hakuna mteremko. Watoto walitukimbilia. Mshale wa joto ulikuwa juu lakini haujafika mwisho, na baba aliuangalia kuliko barabara. Tuliingia Kuluba mchana. Baba alinionyesha kwa kidevu: kilima, miti ya mikaratusi, paa za nyasi. "Pale," alisema.

Kati yetu na pale kulikuwa na bonde lenye kijito. Gari liliteremka vizuri. Chini kabisa, likianza kupanda, lilitoa mlio mmoja kama mlango mzito unaofungwa, likasimama. Baba alitoka mbio, akashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu ili afungue kifuniko cha rejeta, na kitu hicho kilikuwa ile karatasi yenye shati. Mvuke uliruka. Alipotoa mkono, shati lilikuwa na rangi ya kutu na mafuta, na mkono wake umebabuka.

Alikaa kwenye jiwe. Suruali nayo ilikuwa imejaa oili. Alilitazama jua, akanitazama mimi.

"Mimi siwezi kupanda hivi," alisema. "Nenda wewe. Waambie nimefika."

Nilisimama tu.

"Nenda, baba," alisema tena, kwa upole, akiniita jina ninalomwita yeye, kama wazazi wanavyofanya wakiwa na shida.

Nilipanda. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na kila nilipoyapanga yalianguka. Uani walikaa wanaume kwenye viti, wamevaa kanzu, wametoka msikitini. Nilisalimu. Waliitikia, wakangoja. Nikatazama miguu yangu.

"Huyu ni nani?" mmoja aliuliza.

"Muuza mayai," mwingine akasema. "Lakini amesahau mayai." Wakacheka.

Yule mkubwa wao alikuwa kaka wa mama, mwanamume mnene mwenye kofia iliyofumwa. Aliniangalia kichwa hadi miguu. "Kijana, hapa hatuna kazi. Leo tunangoja mutu mmoja wa Pajulu ambaye hawezi kufika."

"Amefika," nilisema.

"Iko wapi?"

"Chini. Gari imekufa. Mimi ni mtoto wake."

Kutoka nyuma ya nyumba alitokea mwanamke mwembamba ameshika ungo. Sikumjua. Nilikuwa nimemweka kichwani mwangu akiwa mrefu kuliko mlango wa lori, na huyu alinifikia begani. Alikuja akasimama mbele yangu. Mikono yake ilikuwa na unga. Aliangalia shingo yangu, pale nilipofunga kifungo cha juu, kama nilivyofunga siku zote. Hakunigusa. Aliuweka ungo chini taratibu.

"Kwa nini yeye hajapanda?" aliniuliza.

"Amechafuka."

Alifunga macho kidogo, halafu akatangulia njia. Wanaume wote wakamfuata.

Baba alisimama alipowaona, akaficha mkono nyuma. Mjomba alilizunguka gari polepole, mikono mgongoni.

"Shemeji, hii gari yako iko na malaria?"

"Iko na joto, shemeji."

"Joto ndiyo malaria. Ilipewa dawa?"

Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi gereji Sudan alijilaza chini, akalegeza mpira wa chini wa rejeta ili maji machafu yatoke. Maji hayakutoka. Akaingiza kijiti, akavuta. Kikatoka kitu kizito, kirefu, cha rangi nyekundu ya udongo, kikaanguka kwenye majani kikitoa mvuke.

Watu waliinama kutazama. Mjomba alikinusa. "Wallahi," alisema, "hii gari inapika ugali!"

Bonde zima lilicheka. Mmoja aliuliza mboga iko wapi. Mwingine alisema shemeji amekuja na jiko lake, hataki kula kwa wakwe. Baba alisimama katikati ya kicheko hicho na shati lile lililoharibika mkononi. Nilitamani maji ya kijito yanichukue.

Mama peke yake hakucheka. Alichuchumaa, akachukua kidogo kwa vidole, akakisugua. Mtama mwekundu wa shamba la mama yake hauna mfano wake kule Arua.

"Hii ni unga yangu," alisema.

Kicheko kilikatika.

"Nilituma ya mutoto."

"Ndiyo," baba alisema.

"Mutoto alikula?"

"Alikula. Iliyobaki nilitia humu." Aliangalia chini. "Nilikuambia nitarudi na gari."

Mama alibaki amechuchumaa. Kwa muda ilikuwa kama wao wawili tu wapo bondeni, na sisi wengine ni miti. Kisha akajipangusa vidole kwenye majani, kila kidole peke yake, akasimama, akamwambia kaka yake neno moja kwa Kikakwa ambalo sikulielewa. Mjomba alikuna shingo. Akatazama jua.

"Basi sukumeni," alisema.

Walisukuma wote, kanzu zimefungwa kiunoni, baba ameshika usukani ndani ili asionekane sana, nami nyuma nikiwa na jiwe la kuzuia tairi kila walipopumzika. Hivyo ndivyo tulivyoingia kwa watu wa mama, jua likiwa bado juu ya mikaratusi. Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa umefungwa. Bibi, mama yake mama, alikuwa ndani, kwa heshima ya mkwe wake. Sauti yake ilitoka:

"Imefika?"

"Imefika, mama," mjomba alijibu. "Lakini imekufa."

"Mimi sikuuliza kama iko hai."

Maneno yalikwisha hapo. Mbuzi walishushwa, chumvi ikapokelewa, baba akapewa kanzu ya mjomba, ikamning'inia kama pazia. Yule mfanyabiashara wa Sudan hakutajwa tena.

Nilidhani tutakaa siku kadhaa, nimzoee. Lakini mume anayechukua mke halali siku nyingi kwa wakwe. Asubuhi iliyofuata mama alikuwa tayari na jiwe lake la kusagia limefungwa kwenye kanga. Gari lisingeondoka bila rejeta nyingine, na rejeta ingetafutwa Arua, pengine hata Zaire. Mama alisema atatembea mpaka Koboko, watapata lori la tumbaku. Baba alifungua mdomo. Mama alimtazama tu, baba akaufunga.

Mali ya mkwe haiachwi yatima kwa wakwe. Kikipotea kioo, au mtu akikata tairi ashone viatu, wenye nyumba wanakuwa wezi wa shemeji yao. Lazima abaki mtu wa mwenye mali. Walipokuwa wanasema hivyo kila mtu alitazama pembeni, hakuna aliyenitazama mimi, na ndipo nilipojua ni mimi.

"Nitarudi na rejeta kabla ya mvua," baba alisema.

Niliitikia kwa kichwa.

Nilikaa ndani ya gari, kwenye kiti cha dereva, nikawaona wakiteremka bondeni: baba ndani ya kanzu ile, mama mbele yake na jiwe kichwani. Kioo kilikuwa na vumbi na sikukipangusa. Walivuka kijito. Halafu mama alimpa baba mzigo, akageuka, akapanda kilima chote peke yake, akapita mbele ya gari akaingia jikoni kwa Bibi, akatoka na mfuko. Alifungua ile kamba ya mlango wangu, akauweka mapajani mwangu.

"Hii ni ya wewe," alisema, akihema. "Gari ikilia njaa, iache ilie."

Alinyoosha mkono. Alifungua kifungo changu cha juu, kile kinachobana shingo, akashuka tena.

Mvua zilikuja kabla ya baba. Herufi za zamani zilijitokeza mlangoni, zikapotea, zikajitokeza. Kuku walitaga chini ya injini. Watu walinitendea wema, lakini Kikakwa kilinipita juu ya kichwa kama ndege, na wao walichoka kunigeuzia kila neno kwa Kiswahili. Bibi alikuja mchana, akapanda kiti cha abiria, akakaa nami tukitazama mbele kama watu walio safarini. Kiswahili chake kiliishia kwenye maneno machache, nami sikuwa na Kikakwa.

Unga wa mama niliupika kidogo kidogo. Ulipofika nusu nilianza kuongeza wa Bibi, kiganja kwa kiganja, ili mfuko usiishe. Ulitoka shamba lile lile, kinu kile kile. Siku baba alipotokea bondeni na rejeta kichwani, mfuko ulikuwa bado umejaa, na mimi nilikuwa siwezi tena kujua upi ni wa mama.